Monstera ikigeuka njano usikimbilie maji

Jana usiku kuna dada kanitumia picha inboksi, monstera yake (ule mmea wa ndani wenye majani makubwa yenye matundu) majani matatu ya chini yamekuwa njano, anauliza aimwagilie mara ngapi kwa siku. Kwa siku! Nikaikuza ile picha nikaona udongo mweusi tii unang'aa maji, moyo ukanipasuka, mana hivyo hivyo ndo nilivyoipoteza ya kwangu ya kwanza.

Ile nilipewa na shangazi, kipande chenye jani moja tu, nikakilea mpaka majani sita. Kila asubuhi kabla sijanywa chai nimeshaimiminia kikombe cha maji, nikiamini ndo mapenzi. Ilipoanza unjano nikajua ina kiu, nikaongeza na jioni. Siku naichomoa mizizi imekuwa ya kahawia, nikiigusa ganda linachubuka linabaki vidoleni kama utelezi wa bamia, na harufu ya mtaro. Nikakata jani moja lililobaki zima nikaliweka kwenye glasi ya maji, likakaa kijani miezi miwili nikajipa moyo, kumbe nilikata jani tupu bila pingili, lile fundo la shina jani linapotokea, na bila pingili chipukizi halitoki hata ungoje mwaka. Shangazi ameshatangulia mbele za haki, kipande kingine siwezi kumuomba. Bado inaniuma.

Hii ya sasa wiki iliyopita imefungua jani la 11. Nimelifuatilia toka limejiviringa kama mkeka mpaka linakunjuka lina mipasuko pembeni na vitundu karibu na mshipa wa kati, yani nilitokwa na machozi. Ninachofanya ni kuingiza kidole kwenye udongo kama sentimita 5, kikikuta unyevu naondoka zangu. Kukiwa kukavu namwagilia mpaka maji yatoke chini, na yaliyotuama kwenye kisahani nayamwaga. Chungu kiwe na tundu jamani, tundu! Kiwe karibu na dirisha ila jua kali la mchana lisiipige moja kwa moja, hayo matundu ya majani yanakuja kwa umri na mwanga, na usiikimbize kwa mbolea. Ipe nguzo ya kupandia, kwao kwenye misitu ya Meksiko mpaka Panama inaparamia miti. Watoto na paka wasiitafune, ina kalsiamu oksaleti, inachoma mdomo vibaya.

Ila narudi palepale, maji. Tunapenda kuibembeleza mimea kila siku mkono usitoke, na mizizi inataka hewa, udongo ukijaa maji muda wote inakosa pumzi inaoza, halafu jani linakuja kukwambia wakati umeshachelewa. Kidole kwanza, maji baadaye.

Dada, usisubiri wikiendi. Ichomoe leo, kata mizizi yote iliyolainika kwa kisu kisafi, ipande kwenye udongo mpya mwepesi. Na kabla ya kukata hesabu pingili zilizo ngumu bado, hata ikibaki moja yenye jani lake usiitupe, nitumie picha.