Minyoo imekula chanjo ya ng'ombe wangu?

SWALI: Habari daktari. Niko Ruai, nafuga ng'ombe 3 wa maziwa, nyasi nakata kando ya mto. Walichanjwa ugonjwa wa miguu na midomo na bado mmoja ameshikwa, anadondosha mate na kuchechemea. Jirani anasema ni minyoo imekula chanjo. Hiyo ni kweli ama stori tu?
Mama wa Ruai

JIBU: Pole sana mama. Jirani yako hajakosea sana, ila ameruka vitu. Minyoo haili chanjo, lakini ikikaa ndani muda mrefu inatuliza kinga ya mwili ndio isifukuzwe, sasa chanjo ikiingia inakuta kinga imelegea. Ile minyoo bapa ya ini, ambayo bucha akipasua ini inatoka kwa mirija ya nyongo kama majani madogo, inaweza hata kuharibu kipimo cha kifua kikuu cha ng'ombe: anadungwa kwa ngozi ya shingo, uvimbe unatoka mdogo, anapita kama mzima kumbe anao. Nagana, ule ugonjwa wa damu unaoletwa na mbung'o, pia inapunguza nguvu ya chanjo.

Lakini si kila kimelea ni hasara, na hii hunishangaza mpaka leo. Kule magharibi mwa Kenya watafiti walifuatilia ndama 548, na wale waliokuwa na Theileria zile za upole (vimelea vya damu vinavyoletwa na kupe), vifo vya ndigana kali, ugonjwa wa Theileria ile kali, kwao vilikuwa chini kwa 89%. Usiende kuachilia kupe sasa!

Kwako mimi ningeanza na chanjo yenyewe. Kenya virusi vya ugonjwa huu wa miguu na midomo viko vya aina ya O, A, SAT 1 na SAT 2, na chanjo ya moja haikingi nyingine. Ilikuja kwa barafu ama kwa mfuko wa boda? Ilirudiwa baada ya miezi 6?

Halafu hizo nyasi za mto, hapo kwa konokono ndio minyoo ya ini hutoka. Peleka kinyesi maabara kwanza, maana albendazo ya agroveti inaua minyoo ya ini iliyokomaa tu, na kama kuna mwenye mimba changa usimpe. Wale wazima watibu minyoo, ngoja wiki 2 ama 3, ndio uchanje. Huyo mgonjwa usimchanje wala usimuuze, mkamue wa mwisho, na umpigie afisa wa mifugo leo.