Nikupokee, mama?

Mhariri, wiki iliyopita mlituuliza wasomaji wenu: "Ukiwa safarini, ukamwona mtu usiyemjua ameelemewa, unamsaidia? Na je, kuwa kwake mwanamume au mwanamke kunabadilisha chochote?" Najua wengi watajibu kwamba utu hauangalii mke wala mume. Jibu zuri, linapendeza kusomwa. Mimi niko barabarani kila mwezi, na ninachokiona ni kwamba huangaliwa, tena kuanzia getini kwa kituo.

Nauza madera na mitandio Tanga. Mzigo nauchukua Kariakoo, naupakia Mbezi Luis, napita Chalinze, Wami, Mkata, Kabuku, Segera, Muheza, niko nyumbani. Mara moja moja, Idi ikikaribia, navuka Horohoro mpaka Mombasa. Nilianza enzi za kituo cha Ubungo, kabla ya hiki cha Magufuli cha Mbezi Luis kuzinduliwa mwaka 2021, kwa hiyo wapiga debe siwajui kwa kusimuliwa.

Haya, tuanze na hao. Mwanamke akishuka kwenye bajaji na shangazi kaja mbili, hajakanyaga chini vizuri, mkono wa mtu umeshafika kwenye mzigo. "Leta mama, Tanga hiyo, inatoka sasa hivi!" Mzigo umekwenda, nawe unaukimbilia nyuma, mtandio umeanguka, kiatu kimoja kinataka kuvuka. Kaka yangu akishuka na mizigo ileile watamwita, watamzonga, watamtajia nauli ya uongo, lakini mkono hawaupeleki mpaka aseme. Nimesafiri naye mara kadhaa nikawa naangalia kwa makusudi. Kwake wanabembeleza, kwangu wanapora, na yote mawili yanaitwa kumsaidia abiria. Ukifoka unajibiwa, "Mama, sisi tumekuonea huruma tu."

Wazee wetu walishalimaliza jambo hili. Ukipishana na mtu ana mzigo unamwambia, "Nikupokee?" Hilo ni swali. Mwenye mzigo anayo nafasi ya kusema "ahsante, si mzito", nawe ukaenda zako na hakuna aliyeaibika. Kwenye daladala ni vilevile. Wewe umekaa, mwanafunzi amesimama mbele yako na begi linalomzidi mwili, unamwambia, "Lete nikupakatie." Analeta. Kituo cha nne anachukua begi lake anashuka, hata jina hamjaulizana. Huo ndio msaada ninaoupenda kuliko wote kwa sababu hauachi deni. Na kwenye kupakatiana mizigo, kusema kweli, sijawahi kuona mtu akichagua. Mwanamume mwenye ndevu zake anapakata mkoba wa kike wenye maua, bibi anapakata mfuko wa spana wa fundi mpaka gauni linashika grisi.

Anapoingia mtoto mchanga ndipo mambo yanageuka. Mtoto akilia ndani ya basi, macho yote yanatafuta mwanamke. Mimi nimeshapakatishwa watoto wa watu ambao sikuwasalimu hata salamu, kwa kuwa tu nimevaa kanga na nimekaa karibu. Silalamiki sana, watoto nawapenda. Ila hebu sikieni yaliyompata mume wangu.

Mama yangu aliugua ghafla nikatangulia Tanga. Siku ya pili mume wangu akanifuata na mtoto wetu wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto huyo baba yake ndiye aliyekuwa akimwogesha karibu kila siku, maana mimi alfajiri niko sokoni. Wamepanda basi, konda akasimama pale na daftari lake: "Mzee, mama wa mtoto yuko wapi?" Akamweleza. Konda akamwangalia mtoto, akamwona amemshika baba yake shingoni, akaridhika, akaendelea na tiketi zake. Basi likaondoka. Kufika Kibaha mtoto akaanza kulialia, usingizi tu ule. Mama mmoja wa siti ya pili akageuka akamchomoa mikononi mwa baba yake. "Lete huyo, nyie wanaume hamjui watoto." Akamning'iniza begani, akampigapiga mgongo, akamtia biskuti mdomoni. Mtoto akalia mpaka Chalinze. Basi zima likawa linampa yule mama maelekezo, na baba mtu amekaa na taulo mkononi kama shahidi. Alipomwomba kwa mara ya tatu ndipo akarudishiwa mwanawe, na hawajafika Wami mtoto amelala.

Aliponisimulia nilidhani kilichomuudhi ni lile swali la konda. Hapana, huyo konda mume wangu alimpongeza. Watoto huibwa, na mwanamume au mwanamke akisafiri na mtoto anayemlilia asiulizwe? Yule mama ndiye aliyemkaa moyoni. Nami nikamwona yule mama ni ndugu wa yule mpiga debe wa Mbezi, ingawa mmoja anataka hela na mwenzake anataka thawabu.

Kuna na msaada wa aina nyingine ambao wanawake wenzangu wanaujua bila kuelezwa. Kijana anakupandishia mzigo kwenye buti, anakufutia siti vumbi, Mkata anakununulia maji, na Segera anataka namba ya simu. Ukimnyima, sura inabadilika: "Kwani nimekukosea nini?" Maji ya shilingi mia tano yameshakuwa mkopo. Baada ya hapo unajifunza kukataa kila kitu kutoka kwa kila mwanamume, na hapo ndipo mimi mwenyewe nilipoharibu.

Ilikuwa pale pale kituoni, watu wamejaa, mimi nimeweka uso wa kazi. Kijana akanifuata nyuma. "Dada, samahani." Sikugeuka. "Dada, mkoba..." Nikamwambia sitaki. "Dada nisikilize, mkoba wako..." Nikageuka nikampa maneno ambayo siwezi kuyaandika gazetini, watu wakacheka, akainua mikono yote miwili akarudi nyuma akapotea. Mama mmoja muuza karanga ndiye aliyeniambia, "Mwenzangu, zipu iko wazi, pochi inachungulia." Hela yote ya mzigo ilikuwa mle ndani. Nilimtafuta yule kijana mpaka basi likapiga honi. Akisoma hapa ajue ni mimi, yule wa dera la zambarau.

Sasa niwapeleke mahali ambapo msaada wa wasiojuana haujawahi kuniangusha. Nacho ni kichakani. Basi likishavuka daraja la Wami, dereva akiombwa sana, linasimama. "Dakika tano, kuchimba dawa! Wanaume mbele, akina mama nyuma!" Najua haifai kiafya na haipendezi kwa mazingira, lakini safari ni ndefu na vyoo vya njiani tunavijua. Wanawake tunashuka, na hapo hapo, bila kikao, wawili wanakunjua kanga, wanazishika kwa pembe, wanageuza migongo. Mmoja anaingia, anatoka, anapokea pembe ya kanga, aliyekuwa ameshika anaingia. Hakuna anayeuliza kabila, dini wala bei ya simu yako. Mwaka jana kulikuwa na binti wa chuo, suruali imembana, hana hata mtandio, tangu Mbezi hajanywa maji kwa kuogopa saa hiyo. Alibaki mlangoni kwa basi anachezea simu. Nikamwambia, "Mwanangu, kanga ipo, ukitaka twende." Akasita. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa ameshamsema suruali yake toka Chalinze, ndiye aliyesogea akashika pembe ya pili. Akasimama pale anaangalia barabara na midomo ameibana, lakini kanga yake haikushuka hata inchi.

Kila nikiikumbuka kanga ile nakumbuka Nairobi, Novemba 2014. Mwanamke alivuliwa nguo na kundi la wanaume kituo cha magari, mchana kweupe, eti vazi lake halina adabu. Wenzake waliandamana mjini siku chache baadaye wakidai kwamba vazi la mtu ni hiari yake, na kabla mwaka haujaisha Kenya ikapitisha sheria inayolitaja kosa hilo waziwazi. Vizuri sana. Ila swali langu mimi muuza nguo lilikuwa dogo: pale pale, kabla ya polisi na bunge, nani alikuwa na kanga? Wanaosema wanawake wasaidiwe kwa sababu ni dhaifu na wanaosema mwanamke huyu hastahili kusaidiwa, nimewasikia ni watu walewale, basi moja, siti moja. Msaada wao unakwenda kwa anayevaa wanavyotaka wao.

Mombasa nako nilipata kituko. Kivuko cha Likoni watembea kwa miguu hatulipi, kwa hiyo feri ikifungua mlango ni mafuriko ya watu. Mbele yangu hamali na mkokoteni wa madumu ya maji, kile kilima cha kutokea kimemshinda, magurudumu yanaanza kurudi. Nikaweka mfuko wangu juu ya madumu nikasukuma. Jamaa mmoja pembeni, mikono mfukoni, akanipigia kelele: "Mama wacha! Utajiumiza, hiyo ni kazi ya wanaume!" Nikamwambia karibu, nafasi ipo. Akacheka, akaendelea kunihurumia kwa mdomo mpaka tukafika juu. Hamali alinishukuru mimi, na yule jamaa akasema "karibu".

Nimalizie na babu wa Kabuku, maana ndiye aliyenifanya nichukue kalamu. Alikuwa na mkongojo, kanzu iliyooshwa ikafifia, na miguu iliyovimba kwa kukaa. Basi limesimama kumshusha, konda yuko kwenye buti anabishana na mtu juu ya gunia la mkaa, dereva anakanyaga mafuta kwa haraka. Ngazi ya mwisho ya basi mnaijua ilivyo juu. Babu akasimama pale, akatupa mguu, akaurudisha.

"Shikamoo babu. Nikushike mkono?"

"Marahaba, mwanangu. Hapana. Wewe mtoto wa kike, tena mke wa mtu, na mimi nina udhu wangu. Haitakuwa vizuri."

Moyoni nilikasirika kidogo, sitaficha. Nilitaka kumwambia babu utavunjika kiuno na udhu wako. Lakini nilikuwa nimeuliza, na mtu ukimuuliza umempa ruhusa ya kukataa. Nikamwambia, "Basi niambie tufanyeje."

Akafikiri. Dereva akapiga honi. Babu akaugeuza mkongojo, akaninyooshea ncha. Nikashuka mimi kwanza, nikaishika ile ncha kwa mikono miwili nikaikaza kifuani, yeye akashika mpini, akaniegemea kwa urefu wa fimbo. Ngazi moja.

"Usiachie."

"Siachii, babu."

Ngazi ya pili. Ya mwisho alifumba macho. Alipokanyaga mchanga alitoa pumzi kama mtu aliyetua ndoo, akauchukua mkongojo wake, akanyoosha kanzu.

Mjukuu wake alikuwa anamsubiri na pikipiki, kijana mrefu wa miaka kama ishirini. Babu akamnyooshea kidole upande wangu. "Mshukuru kijana huyu, ndiye aliyenishusha."

Mjukuu akanipita kwa macho, akawa anachungulia mlangoni kwa basi, anamtafuta huyo kijana.