Maswali ya Wasomaji: Boriti, Matumbawe na Plastiki Ukumbini

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni kikundi cha wasanii vijana wa Tanga. Tumepewa ukumbi katika jengo la zamani kwa mwezi mmoja ili tuandae maonyesho ya sanaa ya kisasa kuhusu bahari, mikoko na taka zinazoletwa na maji, na mimi nimechaguliwa kuwa mratibu, kazi ambayo sijapata kuifanya. Baadhi ya wenzangu wanataka kuingiza boriti za mikoko, matumbawe na plastiki iliyookotwa ufukweni. Wengine wanasema picha zinatosha. Nianzie wapi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu yangu, kabla hujaamua kazi ipi itundikwe wapi, kaa na kila msanii umwulize juu ya kile alichokitumia: kimetoka wapi, kimepita mikononi mwa nani, na kitakwenda wapi siku maonyesho yatakapofungwa. Maonyesho mengi ya mazingira hudhoofika kwa sababu mratibu hukusanya kazi zinazozungumzia mazingira bila kujali zimeundwa kwa vitu gani, na mwishowe ukumbi hujaa miti na samaki ambao mtazamaji huwapita huku akikubaliana nao.

Tazama walichofanya wasanii wa Lusanga, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mahali palipoitwa Leverville wakati wa ukoloni kwa sababu ya mashamba ya michikichi ya kampuni ya Lever. Umoja wao, ulioanzishwa mwaka 2014, ni wa watu wa mashambani. Hufinyanga sanamu kwa udongo wa kwao, kisha nakala zake hutengenezwa kwa kakao na mafuta ya mawese, na mapato yake yamewawezesha kuanza kununua tena ardhi ya mababu zao. Mwaka 2024 kazi zao ziliwekwa katika banda la Uholanzi kwenye Biennale ya Venice, maonyesho makubwa ya kimataifa ya sanaa huko Italia. Anayesimama mbele ya sanamu hizo ananusa zao lile lile lililowatajirisha watu wa mbali na kuwaacha wachumaji wake maskini, na hahitaji maelezo marefu ukutani.

Sisemi kwamba picha hazifai. Msanii Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi nchini Kongo, alichukua picha za kale za wafanyakazi wa migodi ya Katanga na kuwapandikiza katika picha alizopiga mwenyewe za mitambo iliyotelekezwa. Hakuna kipande cha shaba katika kazi hizo, lakini uzito wake unahisika kote. Kwa hiyo mchoraji wa kikundi chenu asiachwe nje. Aulizwe tu maswali yale yale, naye ataona kama picha yake ya mkoko inajua jambo lolote kuhusu mkoko.

Sasa nije kwenye vitu vyenyewe. Misitu ya mikoko Tanzania ni hifadhi, na kuikata kunahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Msikate hata mti mmoja. Tafuteni boriti za nyumba zinazobomolewa, zenye misumari, chokaa na masizi ya jikoni, kwa maana hizo zimebeba maisha ya watu na zitasema mengi kuliko boriti mbichi. Matumbawe yaacheni baharini kabisa: matumbawe magumu yanalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na mtazamaji akikuta tumbawe lililong'olewa kwa ajili ya kuihurumia bahari, hoja yenu yote imevunjika. Kama kuta za jengo lenu ni za mawe ya matumbawe, kama zilivyo nyumba nyingi za kale za pwani, na lipu imebanduka mahali fulani, paacheni wazi na muelekeze taa hapo.

Plastiki ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa rundo la taka ukumbini hubaki rundo la taka. Mafundi wa Lamu waliojenga jahazi la Flipflopi chini ya fundi Ali Skanda walitumia takriban tani 10 za plastiki na ndala 30,000, lakini waliichonga plastiki hiyo kwa ustadi wa ujenzi wa majahazi, na mwaka 2019 chombo kikasafiri hadi Zanzibar. Ustadi wa mkono ndio ulioibadili taka. Yenu ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kukaushwa vizuri, kwani chumvi huvuta unyevu. Kisha ipangwe kwa aina, na kila fungu liandikwe liliokotwa ufukwe gani na lini. Boriti nazo zitengwe majuma kadhaa kabla ya kuingizwa. Ukiona unga mpya chini yake, wadudu bado wanakula.

Makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani hulenga unyevu wa hewa kati ya asilimia 40 na 60. Tanga hamtafika huko bila viyoyozi vya kukesha, na sioni sababu ya kujaribu. Chagueni kazi zinazovumilia hewa ya kwenu.

SWALI: Kila maonyesho ya mazingira ninayohudhuria huacha lundo la mbao na mabango. Je, huo si unafiki? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ni unafiki pale hesabu inapofichwa. Mwaka 2015 msanii Olafur Eliasson alipeleka Paris vipande 12 vya barafu ya Greenland viyeyuke hadharani wakati wa mkutano wa tabianchi, na hesabu ya hewa ukaa iliyotokana na safari hiyo ikachapishwa, ili kila mtu apime kama ilistahili. Waandaaji wa kwetu wanaweza kuanza na kidogo: kuta za muda zifungwe kwa skrubu badala ya misumari ili mbao zitumike tena, mabango yawe ya kitambaa na yasiandikwe mwaka, na atakayezichukua mbao ajulikane kabla ya siku ya ufunguzi.