Duka langu lilikuwa linaliwa na nyumba yangu

Nilifungua duka la rejareja Mbagala, Dar es Salaam, mwaka 2016, mtaji shilingi 1,200,000. Wateja hawakukosekana hata siku moja. Jioni walijaa barazani. Lakini baada ya miezi minane rafu zilibaki na viberiti, chumvi na vipande vya sabuni.

Nilimshuku binti aliyekuwa akinisaidia kuuza. Bado inaniuma, maana hakuiba chochote.

Usiku mmoja nilikaa nikapiga hesabu ya sukari peke yake. Mfuko wa kilo 50 uliniachia faida ya kama shilingi 8,000, na kilo moja niliinunua kwa kama 2,000. Kilo nne tu zikiingia jikoni kwangu, mfuko mzima nimeuuza bure. Na mfuko ulikaa dukani wiki mbili, wakati kwetu kilo nne hazifiki huko. Bado mchele, bado mafuta, bado nauli za watoto zinazotoka kwenye droo asubuhi. Duka lilikuwa linaliwa robo kwa robo, na mlaji ni mimi.

Kwa hiyo ukiniuliza kinachobeba biashara ndogo, nitakutajia daftari kabla ya mtaji. Langu lina sehemu tatu: mauzo, madeni na nyumbani. Najilipa shilingi 5,000 kwa siku, na nikitaka kitu dukani nakinunua kwa hela hiyo. Duka lina laini yake ya simu. Anayelipa kwa M-Pesa hela yake haichanganyiki na ya ndugu zangu. Ukikopesha, mwekee kila mtu kikomo, na uandike mbele ya macho yake.

Mikopo ipo. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, bila riba. Vikoba, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, navyo vipo. Mimi nilikopa mwaka wa pili, nikishajua duka linaingiza nini. Ningekopa mapema ningekuwa najaza maji kwenye pakacha.

Halafu mjue mteja wako. Wangu ni vibarua, mama lishe na bodaboda, wanapata hela siku kwa siku. Mafuta ya kupima ya shilingi 500 yananizungushia mtaji haraka kuliko dumu la lita tano.

Siku hizi mwanangu akitumwa sukari anakuja na hela mkononi, anasubiri zamu yake nyuma ya wateja, na mimi nampimia.