Jeshi la Serikali Liliigeukaje Serikali?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma kidato cha sita hapa Mwanza. Notisi zetu zinasema Napoleon "alitwaa madaraka kwa mapinduzi ya kijeshi 1799", basi. Jenerali mmoja aliwezaje kuiangusha serikali iliyomwajiri? Na watu wa Paris, walioivamia ngome ya gereza la Bastille miaka kumi tu nyuma, walikuwa wapi? (Msomaji, Nyegezi)

JIBU: Marahaba. Notisi hazijakosea, ila zimeruka sehemu tamu. Jeshi liliingia mwishoni. Walioanza ni wakubwa wa serikali yenyewe.

Katiba ya Ufaransa ya 1795 iliweka wakurugenzi watano wa kuongoza serikali, ndio Direktori, na mabaraza mawili: la Wazee na la Mia Tano. Wakurugenzi hawakuweza kuyavunja mabaraza, na kuibadili katiba kulichukua miaka tisa. Wakikorofishana, hapakuwa na pa kutokea. Basi 1797, wapenda ufalme waliposhinda uchaguzi, wakurugenzi watatu waliita askari na matokeo ya majimbo mengi yakafutwa. Augereau, jenerali aliyeisimamia kazi hiyo, alitumwa na Napoleon kutoka Italia. Mwaka uliofuata wakafuta ushindi wa Wajakobini, wanamapinduzi wenye msimamo mkali. Askari walikuwa wamekwisha kufundishwa, na serikali hiyohiyo, kwamba kura hufutika.

Mwaka 1799 mkurugenzi Sieyès alitaka katiba mpya, akawa anatafuta jenerali wa kumtumia. Joubert, aliyemtegemea, aliuawa vitani Novi mwezi Agosti. Oktoba Napoleon akatua kutoka Misri. Jeshi lake alilitelekeza hukohuko, jambo ambalo wanaomsifu hulipita haraka, lakini Wafaransa walikumbuka ushindi wake wa Italia wakamshangilia njia nzima.

Tarehe 9 Novemba Wazee waliambiwa kuna njama ya Wajakobini. Wakapitisha kwamba mabaraza yahamie Saint-Cloud, nje ya Paris, mwendo kama wa kutoka mjini kati hadi huko kwenu Nyegezi, na Napoleon akabidhiwe askari wa Paris. Kuhamisha vikao katiba iliwaruhusu. Kugawa jeshi haikuwaruhusu. Sieyès na Ducos wakajiuzulu, Barras akashawishiwa naye akajiuzulu, wawili waliobaki wakawekwa chini ya ulinzi. Direktori ikakosa akidi.

Kuhusu umati: Saint-Cloud ilichaguliwa ili umati usifike. Isitoshe vitongoji vya Paris vilinyang'anywa silaha baada ya ghasia za 1795, na 1797 serikali ilifuta theluthi mbili ya deni lake, hasara ikawaangukia waliokuwa wameikopesha. Nani angeifia?

Kesho yake mpango nusura uvunjike. Napoleon aliingia Mia Tano, wabunge wakamzonga wakipiga kelele kwamba atangazwe mhaini asiyelindwa na sheria. Askari wakamtoa, uso umemparama. Aliyemwokoa ni mdogo wake Lucien, rais wa baraza hilo. Alitoka nje akawaambia askari kuwa wabunge wenye majambia wameliteka baraza. Maneno hayo, yakitoka kwa rais halali, ndiyo yaliyowasogeza. Jenerali Murat akaingia na askari, ngoma zikilia, wabunge wengine wakatokea madirishani. Usiku wachache waliokusanywa wakapitisha makonsuli (watawala wapya) watatu wa muda: Napoleon, Sieyès na Ducos. Katiba ya Desemba ikampa Napoleon ukonsuli wa kwanza, Sieyès akasukumwa pembeni na yule aliyedhani anamtumia.

Kwenye mtihani, "udhaifu wa Direktori" peke yake hautoshi. Taja 1797, na usimsahau Lucien.