Maswali yenu: Chubwi la mvuvi ndani ya mtutu wa kale

Safari iliyopita niligusia kidogo upimaji wa mifuo (mitaro iliyochimbwa ndani ya mtutu) ya bunduki za kale, na maswali yakamiminika. Nayajibu matano. Ila kwanza: bunduki ni bunduki hata ikiwa na miaka 150. Hakikisha haina kitu ndani, na kibali kiwepo kabla ya nyundo.

Shikamoo fundi. Nina gobore la marehemu babu. Nimemulika tochi ndani, sioni mfuo hata mmoja. Imelika yote? (Msomaji, Handeni)

Marahaba. Haikulika, haikuwepo. Gobore la kawaida lina mtutu laini, hauna mifuo ya kuizungusha risasi. Hapo unapima upana wa tundu tu, na kalipa (kipimio chenye taya mbili) mdomoni inakutosha.

Bunduki yangu ya Kiingereza, Lee-Enfield, imeandikwa .303. Si ndicho kipimo chenyewe? Kuna haja gani ya kupima tena? (Msomaji, Nakuru)

Fikiria shamba la viazi. Ndani ya mtutu kuna mifuo iliyochimbwa, na kati ya mfuo na mfuo limebaki tuta. Ile .303 ya inchi, yaani milimita 7.70, ni kutoka tuta hadi tuta la ng'ambo. Kichwa cha risasi yake kina inchi 0.311 hadi 0.312, kwa sababu lazima kijaze mifuo. Tunachokitafuta sisi ni upana wa chini kabisa ya mifuo, na huo hauandikwi popote kwenye bunduki.

Wajerumani nao wana kisa chao. Bunduki yao ya Gewehr 88 ilianza na mifuo yenye kina cha milimita 0.10, na mwaka 1896 wakaichimba hadi 0.15. Tundu ni lilelile la 7.9, lakini mifuo imetoka 8.1 ikawa 8.2. Jina halikubadilika. Kwetu kuna mtu anaitwa Kirefu na hafiki begani kwangu.

Nieleze hatua za kupima, nami sina vifaa vya kizungu. (Msomaji, Tanga)

Wewe wa Tanga una kila kitu: nenda kwa wavuvi ukanunue chubwi, lile zito la madini ya risasi la kuzamishia mshipi. Likwaruze kwa ukucha. Ukucha ukiacha alama, risasi hiyo ni laini, inafaa, usipoacha, rudisha. Ligonge taratibu mpaka liwe pipa dogo lenye urefu wa sentimita moja hivi, na unene uzidi kidogo upana unaoukisia wa mifuo.

Safisha mtutu mpaka kitambaa kitoke cheupe, kisha upake mafuta ya cherehani, na chubwi pia lipake. Liweke mdomoni mwa mtutu, uligonge kwa nyundo ya mbao. Likiingia litanyolewa pete nyembamba ya risasi pembeni. Ukiiona hiyo pete, ujue limejaza mifuo. Usipoiona, chubwi ni jembamba, anza upya. Sukuma kwa ufito wa shaba, wala si wa chuma. Mimi niliwahi kutumia mdeki (ufito wa kushindilia) wa mbao kavu, ukapasuka mshazari ndani ya mtutu na kujikaza kama kabari. Siku nzima ilikwisha kwa kuuchokoa.

Likidondoka upande wa pili, lipokee juu ya kitambaa. Likigonga sakafu ya saruji, umepima sakafu.

Nimelipitisha chubwi. Lilikuwa rahisi mwanzo, likakaza mwishoni. Na kalipa inanipa vipimo vitatu tofauti! (Msomaji, Mombasa)

Kukaza ni habari njema, mkono wako umesoma mtutu. Chubwi hubeba alama ya mahali palipobana zaidi tu. Enfield ya 1853, ile ya mifuo mitatu, kuanzia 1858 ilichimbwa kina kirefu nyuma na kifupi mdomoni, kwa makusudi. Kwa hiyo pitisha machubwi mawili matatu, mengine uyatoe baada ya nusu ya njia, ulinganishe.

Hiyo kalipa sasa. Hesabu mifuo. Ikiwa minne, kama Mauser ya 1871 (ambayo askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, walikuwa nayo bado vita vilipoanza 1914), mfuo unautazama mfuo, na maikromita inakupa jibu papo hapo. Lee-Enfield ya kawaida ina mitano, Martini-Henry ina saba. Hapo kila mfuo umetazamana na tuta. Kwenye chubwi mfuo huacha nundu na tuta huacha bonde, kwa hiyo taya za kifaa zinashika nundu upande huu na bonde upande ule. Unapata 7.82 mahali ambapo ukweli ni 7.95.

Wengine hulizungusha chubwi kati ya taya na kuchukua kipimo kikubwa kuliko vyote. Kwa mtutu mpya, sawa. Mtutu wa kale kona zake zimekwisha, utadanganyika.

Mpelekee fundi wa kerezo akuchongee kitako chenye umbo la V la nyuzi 108. Chubwi la mifuo mitano hukaa humo kwa nundu mbili, na ya tatu inatazama juu kabisa. Weka kwanza shina la keekee lenye milimita 8.00 kamili, usawazishe geji ya mshale juu yake isome sifuri, kisha ulitoe uweke chubwi. Mshale ukishuka 0.056, gawa kwa 1.118: chubwi ni jembamba kwa 0.05, yaani 7.95. Kwa mifuo mitatu V iwe ya nyuzi 60. Kwa saba, 128 na nusu hivi.

Yangu ina mifuo lakini imezibwa nyuma, ni ya kushindilia mdomoni. (Msomaji, Muscat)

Usisukume kitu usichoweza kukitoa. Ziba kwa kitambaa sentimita tano ndani ya mdomo, kisha umimine aloi ya bismuti inayoyeyuka kati ya nyuzi joto 70 na 88. Ina risasi na kadmiamu, basi dirisha liwe wazi na sufuria isirudi jikoni. Husinyaa kidogo kwanza, ndiyo maana hutoka kirahisi. Baada ya saa moja huwa imerudi saizi yake hasa, halafu huendelea kuvimba kwa siku kadhaa. Andika kwa chaki mezani saa uliyomimina.