Likizo ya baridi, mbwa wawili na baiskeli

Ndugu yangu, umesema una siku kumi za likizo, theluji nje, mbwa wawili, baiskeli, gitaa, na kazi za nyumbani zinazokukodolea macho. Mimi ningeanza na jua, maana msimu huu linazama mapema. Mchana uwe wa mbwa na baiskeli. Kupanga makabati kutasubiri jioni, taa ikiwaka.

Baiskeli ndiyo yenye maneno. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu hula mnyororo haraka. Ukirudi, ufute mnyororo kwa kitambaa kikavu, tia tone la mafuta kwenye kila pingili, zungusha pedali kinyumenyume, kisha futa yaliyozidi. Kwenye theluji, punguza upepo wa matairi kidogo ili yashike njia. Ukikuta barafu tupu, shuka usukume. Mimi nilijitia ubingwa, nikarudi na kiwiko kimevimba.

Chumvi hiyohiyo huwasha nyayo za mbwa. Waoshe miguu mlangoni kwa maji ya uvuguvugu na uwakaushe katikati ya vidole kabla hawajaanza kujilamba.

Gitaa litoe kwenye mfuko wake leo, uliweke karibu na kiti unachokalia.